Simu Yako Ifungue Mwenyewe

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mchana huko Mbagala, mbele ya akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa na wazee waliowasindikiza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, pamoja na waliyonikatiza.

Mwenyekiti, katibu, mweka hazina mwenye funguo za sanduku, mama zangu wote, na wazee wetu mliojichagulia kivuli kule nyuma: shikamooni.

(Marahaba.)

Asanteni. Mwenyekiti aliponipigia alisema, "Mwanangu, njoo utufundishe simu." Nikajibu nusu saa inatosha. Nimefika hapa nakuta maboksi 11 juu ya meza, hayajafunguliwa, nikajua hiyo nusu saa nimejidanganya. Kikoba mmekivunja, mmegawana, na wengi mmeamua kuagana na kitochi, ile simu ya vitufe. Hongereni sana. Ila nina ombi kabla hatujaanza. Wale vijana wawili wanaokata plastiki ya boksi kwa kisu, wadogo zangu, wekeni kisu chini. Rudisheni. Kila boksi litafunguliwa na mwenyewe.

(Minong'ono. Mama mmoja: "Mimi sijui, anifungulie mjukuu!")

Nimekusikia, bibi. Nitakuja huko.

Mimi ni fundi simu. Meza yangu iko Kariakoo, kwenye korido ya ghorofa moja jirani na Mtaa wa Msimbazi. Watu wanadhani kazi yetu ni vioo. Vioo vipo, hasa Jumatatu, maana wikendi watu wanacheza. Lakini kazi inayoniumiza moyo ni simu nzima kabisa, kioo safi, betri safi, haijadondoka hata mara moja, na mwenyewe hawezi kuingia. Anaishika kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake huku taa zinawaka ndani.

Nawapa kisa kimoja halafu twende kwenye maboksi. Mama mmoja anayeuza samaki Feri alikuja na simu ya aina hii hii mliyonunua. Alikuwa amesahau mchoro wa kufungulia. Akaenda kwa fundi wa mtaani kwake, fundi akaifuta yote akidhani ndiyo dawa. Simu ikawaka upya, nzuri, ikakaribisha, ikafika mahali ikasimama: weka akaunti iliyokuwa kwenye simu hii. Mama akaniuliza, "Akaunti gani? Mimi ninayo ya kikoba tu." Nikamuuliza nani alikuwashia simu siku ya kwanza. Akasema kijana wa dukani. Yule kijana, kwa nia njema kabisa, foleni ndefu nyuma yake, alitunga jina lolote na neno la siri lolote, akabonyeza mbele, mbele, mbele, akampa mama simu ikiwa inapiga WhatsApp. Tulipomfuata, alikuwa ameshaacha kazi na namba yake haipatikani.

Hilo zuio si ubaya wa simu. Google waliliweka tangu toleo la 5.1 la Android, mfumo unaoendesha simu hizi, mwaka 2015, ili mwizi akikuibia na kuifuta simu asiweze kuitumia. Kufuli zuri. Tatizo ni kwamba huyu mama, mbele ya simu yake mwenyewe, alionekana mwizi. Risiti anayo, boksi analo, sura yake ni ile ile, lakini simu haijui sura ya mtu asiyejitambulisha. Picha hakuzililia. Alililia majina ya wateja: hoteli, mama lishe, wanaochukua changu kwa ndoo. Yote yalikuwa ndani.

Ndiyo maana nimesema kisu chini.

Haya, maboksi. Boksi lenyewe usilitupe wala usimpe mtoto achezee. Pembeni limebandikwa karatasi yenye namba ndefu, tarakimu 15, inaitwa IMEI. Hiyo ndiyo namba ya chesisi ya simu yako, kama ya gari. Simu ikishawaka, nenda kama unapiga, andika nyota, reli, sifuri, sita, reli: *#06#. Itakuletea namba bila kukata salio. Simu ya laini mbili italeta namba mbili, usishtuke. Linganisha na ya kwenye boksi. Zikipishana hata tarakimu moja, rudi dukani leo leo, usisubiri Jumatatu. Halafu itume namba hiyo kwa meseji kwenda 15090, utajibiwa kama simu inatambulika.

Wengine mnakumbuka mwaka 2016. Usiku wa tarehe 16 Juni TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki nchi nzima. Mimi nilikuwa mwanafunzi tu, nashika bisibisi. Asubuhi yake watu walijaa kwenye meza ya mwalimu wangu hadi barabarani, kila mmoja anasema yake imeingia maji. Hazikuingia maji.

Chaji. Kuna imani imekaa Dar kama sheria: simu mpya ichajiwe kwa muda wa saa nane kabla hujaiwasha. Hilo lilikuwa la betri za zamani. Betri za leo ni za lithiamu, ukiitoa kwenye boksi iwashe tu, na chaji unaweza kuongeza kidogo kidogo mchana kutwa, haidhuriki. Kinachoiua betri hapa kwetu ni joto. Msiilaze chini ya mto ikiwa inachaji. Mama wa chapati, usiiweke karibu na jiko. Na wewe mzee mwenye bajaji, najua unaiweka mbele pale kwenye kioo jua linapopiga. Mwezi wa kwanza na wa pili jua la Dar litaivimbisha hadi kioo kibanduke chenyewe.

(Mzee: "Sasa niiweke wapi?" Kicheko.)

Mfukoni, babu. Mfukoni mwa ndani.

Laini. Simu hizi zinataka laini ndogo kabisa, na laini ya kitochi chako huenda ni kubwa. Msiikate kwa mkasi wa jikoni. Nimetoa vipande vya laini ndani ya simu kwa sindano mpaka nikachoka. Nenda kwa wakala na namba yako ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, utaweka kidole, utapewa laini nyingine yenye namba ile ile, na pesa zako za kwenye simu zitakuwa palepale. Ukiwa huko, au hata nyumbani, piga *106# uone ni namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Tangu tulipolazimishwa kusajili kwa alama za vidole, na zile foleni za Januari 2020 mnazikumbuka, kidole chako ndicho saini yako. Wapo waliokuta namba wasiyoijua inatembea mjini kwa jina lao. Ukiikuta, mwambie wakala aifute kabla haijamtapeli mtu.

Sasa kuwasha. Zamu yako ikifika, shika simu yako. Kitufe cha pembeni, bonyeza, shikilia, hesabu mpaka tatu, achia.

Swali la kwanza ni lugha. Mafundi wenzangu wengi watakuwekea Kiingereza, wanasema ndicho kimezoeleka. Mimi siafiki. Mwanzoni Kiswahili cha simu kitakuchekesha. Utakutana na "Mipangilio" utadhani umeingia kwenye kikao cha harusi, na kuna kitu kinaitwa "Hali ya ndegeni" na wewe hujavuka hata Kigamboni. Hiyo maana yake simu imezima mawasiliano yote. Siku mtu akikwambia hupatikani na laini ipo, angalia hiyo kwanza, huenda umeigusa bila kujua. Lakini hebu fikiri: simu ikikuuliza kwa Kiingereza kama unaruhusu programu isome meseji zako zote, wewe ukajibu "OK" kwa sababu ndilo neno unalolijua, umejibu nini? Chagua Kiswahili. Ukikizoea na kukichoka, kubadilisha ni dakika moja.

Hapo sasa inafika akaunti. Naomba mnisikilize kuliko popote.

Simu itasema ingia au fungua akaunti ya Google. Hapa ndipo mtu wa dukani hukwambia, "Mama, lete nikusaidie." Muache akusaidie kuelewa, lakini kidole kiwe chako. Andika jina lako, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Mwaka wa kuzaliwa uwe wa kweli. Kuna kijana aliandika mwaka ulio karibu na kidole chake, bibi akawa na miaka 9, simu ikaanza kumtafuta mzazi wake.

(Kicheko kirefu. Bibi wa mjukuu: "Wazazi wangu wako Kilwa, kaburini!")

Mungu awarehemu. Ndiyo hivyo, simu haikulijua hilo.

Kisha neno la siri. Sitaki jina la mtoto wala mwaka wa ndoa, hayo mtaa mzima unayajua. Chagua maneno matatu yasiyojuana, kama mtu aliyeokota vitu vitatu njiani: kinu, tanga, embe. Ongeza namba. Hayo niliyoyataja sasa msiyatumie, maana tumeyasikia wote. Ukishaandika kwenye simu, andika na kwenye karatasi. Najua mmeambiwa neno la siri haliandikwi. La benki na la pesa za simu, ni kweli, hayo yabaki kichwani. Lakini hili la Google utaulizwa pengine mara moja kwa miaka miwili, na siku hiyo hutalikumbuka. Mwizi wa daladala haingii nyumbani kwako kufungua sanduku la kanga. Karatasi ikae huko, na cheti cha kuzaliwa.

Hili silisemi kwa kuwacheka wengine. Mama yangu mzazi anakaa Kimara. Nilipomnunulia simu ya kwanza nilikuwa na haraka, nikamwekea akaunti yangu mwenyewe, nikasema nitabadilisha siku nyingine. Fundi mzima! Ile akaunti ikafanya kazi yake, ikashusha majina yangu yote kwenye simu ya mama. Na mimi kipindi hicho nilikuwa na mtu ananidai, nimemsevu "Usipokee". Jioni mama ananipigia: "Mwanangu, huyu Usipokee ni nani? Nimempigia kumsalimia, kijana ana adabu sana, ameniuliza unapatikana wapi." Kesho yake saa mbili asubuhi yule jamaa yuko mezani kwangu.

(Kicheko. Katibu: "Ulimlipa?")

Nililipa, katibu. Msiandike kwenye kumbukumbu za kikao.

Kwa hiyo akaunti moja mtu mmoja. Mume na yake, mke na yake. Mkichanganya, namba za kule zitaonekana huku, na mimi sitaki kuitwa shahidi.

Faida yake ni hii: majina utakayoyasevu kuanzia leo yasevu kwenye akaunti, siyo kwenye laini. Simu itakuuliza ukiongeza jina jipya, hapo juu panaonyesha linakwenda wapi, hakikisha pameandikwa anwani yako, lile jina la akaunti yako ya Google. Laini inabeba majina machache, kama 250, tena inayakata. "Mama Asha Vitunguu Mabibo" kwenye laini anaweza kubaki "Mama Asha Vitu". Vitu gani? Halafu laini ikipotea, wote wamekwenda. Ya kwenye akaunti, hata simu ikizama pale Feri, ukinunua nyingine ukaandika anwani yako na yale maneno matatu, wanarudi wote, na Mama Asha na vitunguu vyake.

Kuhusu kufuli la kioo nitasema kwa ufupi. Mchoro ni rahisi ila unaacha njia. Ukishika simu kwa mkono wenye mafuta kidogo, ielekeze kwenye mwanga, utaona mchoro wako umejichora. Namba ni bora, tarakimu sita, na isiwe ile ile unayotolea pesa. Nasema tena: isiwe ile ile. Mtu akikuchungulia kwenye mwendokasi ukifungua simu, asiwe amefungua na pochi. Kidole ni kizuri, lakini mikono ya kazi ina shida yake. Anayefua, anayepara samaki, anayeshika saruji, alama zinafifia, mliona wenyewe kwenye usajili wa laini vidole vinagoma. Sajili vidole viwili au vitatu, vikiwa vikavu, na kidole gumba cha mkono usiofanyia kazi sana kiwemo.

Sasa bibi wa mjukuu, nimekuja. Nipe mkono. Hapana, simu yangu hii shika wewe, nipe mkono mwingine.

Angalieni anavyofanya, wengi mtajiona. Bibi anabonyeza. Anakandamiza kwa nguvu kama kitochi, kidole kinapinda, kinakaa. Na simu inasubiri, halafu inaleta orodha ya mambo asiyoyataka, yeye anasema simu imeharibika. Haijaharibika. Kioo hiki hakihisi nguvu, kinahisi ngozi. Ukigusa na kuachia kinaelewa "fungua". Ukigusa na kukaa kinaelewa "kuna jambo jingine nataka". Ndiyo maana picha za programu zinaanza kuhamahama na nyingine zinapotea. Bibi, umewahi kumwekea mtoto aliyelala kiganja pajini kuona kama ana homa?

("Mara ngapi!")

Unamkandamiza?

("Ataamka.")

Basi hivyo hivyo. Gusa, toa. Gusa, toa. Umeona? Imefunguka. Sasa weka kidole juu kabisa, pale penye saa, kishushe taratibu kama unavuta pazia. Hapo pana vitufe vyote vya haraka: tochi, data, mwangaza, sauti. Ukitaka kurudi ulikotoka, pandisha kutoka chini. Ukipotea kabisa usizime simu. Pandisha kutoka chini, utarudi mwanzo. Hakuna chumba humu ndani ambacho hakina mlango wa kutokea.

Kama maandishi ni madogo, msiazime miwani ya jirani. Mipangilio, skrini, ukubwa wa fonti, vuta kulia. Nimeona wazee wamekaa na simu mwaka mzima hawasomi meseji, wanasema macho yameisha, kumbe ni maandishi.

Kamera siwafundishi. Mnaijua kuliko mimi.

Bando ndilo linalowagombanisha na watoto. Mtu anaweka GB moja asubuhi, saa kumi jioni imekwisha, anasema mtandao umemwibia. Pengine mtandao una makosa yake, sipo hapa kuutetea. Lakini njoo tuangalie kwenye WhatsApp. Kila mtu yuko kwenye grupu la ukoo, la kikoba, la msikiti au kwaya, la waliosoma pamoja. Humo kila asubuhi zinamwagwa video za mawaidha, mtu ameanguka kwenye matope, dawa ya kisukari kwa majani ya mpera. WhatsApp ikiachwa kama ilivyokuja inaweza kushusha picha zenyewe kabla hujazigusa, na ikiwa umeiruhusu, na video pia. Umelipia kuangalia mtu usiyemjua akianguka. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, zima ule upakuaji wa yenyewe. Kuanzia hapo unachogusa ndicho kinachoshuka. Na duka la programu, Play Store, liambie lifanye masasisho kwenye WiFi tu, kwa mjukuu mwenye WiFi. Ukilala, zima data. Meseji zitakungoja.

Hiyo itawasaidia na kwenye nafasi. Mtu amenunua simu ya GB 64 akafungua akaona kadhaa zimeshaliwa, akarudi dukani kugombana. Mfumo wa simu wenyewe unakaa humo humo, kama mwenye nyumba aliyejibakizia vyumba. Zilizobaki ndizo zako, na hizo zinajazwa na yule mtu wa kwenye matope.

Mnaniangalia saa. Nimemaliza mambo matamu, yamebaki mawili machungu.

La kwanza, matapeli. Ile meseji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii" mnaijua, kitochi nacho kilikuwa kinaipokea. Ikija, itume kwenda 15040 pamoja na namba iliyoituma, halafu ifute. Kwenye simu hii mtapata na ndugu zake. Kuna wa "mama, nimekosea, kuna namba sita zimekuja kwenye simu yako, nitajie". Hizo namba sita ni funguo za WhatsApp yako. Ukimtajia, baada ya dakika tano wewe hupo tena, yeye ndiye wewe, anawaomba wanakikundi wenzako hela kwa jina lako na picha yako ukiwa na kitenge cha sare. Namba zilizokuja kwenye simu yako hazikukosea njia. Hazitajwi kwa mtu yeyote, hata akisema anapiga kutoka kampuni ya simu, hata akikuita mama.

Halafu programu za mikopo. Hili nawaambia ninyi hasa, watu wa kuweka na kukopa. Inakuja tangazo, elfu hamsini dakika tano bila dhamana. Unaishusha, inauliza: niruhusu kuona majina yako? Unagusa ndiyo. Hiyo ndiyo dhamana. Ukichelewa siku mbili wanampigia mkweo, mchungaji, shehe, na Mama Asha Vitunguu, wanamwambia wewe ni tapeli. Watu wamelia mezani kwangu kwa hilo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Mengine yanazaliwa. Kwa hiyo programu yoyote ikikuuliza inataka kuona kitu, jiulize ni wa kazi gani. Tochi inataka majina ya watu wa nini? Gusa kataa. Ikigoma kufanya kazi, ifute, tochi ya simu ipo.

(Mweka hazina: "Na ikishaibiwa je?")

Ndilo la pili, mama. Umeshuka Rangi Tatu, mfuko umechanwa. Au uko kwenye taa, bodaboda imepita, mkono mtupu. Usianze kukimbiza. Azima simu ya mtu unayemwamini, ingia kwenye huduma ya Google ya kutafuta simu, andika anwani yako na maneno yako matatu. Kama simu bado inawaka na ina data, utaiona kwenye ramani, utaifunga ukiwa mbali, na ukikata tamaa utaifuta yote. Ramani ikikuonyesha nyumba, usiende peke yako kugonga mlango. Nenda polisi ukiwa na lile boksi. Pigia kampuni ya simu wafunge laini. Ukipata taarifa yako ya polisi unarudishiwa namba.

("Maneno matatu yako sandukuni na mimi niko Rangi Tatu.")

(Kicheko. Nami nikacheka, maana sikuwa nimelifikiria.)

Umenipata, mama. Basi mpigie aliye nyumbani, mtu mmoja tu unayemwamini, ajue karatasi iko wapi. Namba yake ya simu ndiyo uihifadhi kichwani. Hiyo moja tu. Zamani tulikuwa tunazikumbuka zote.

Mwenyekiti, saa imekwisha, najua chai iko tayari, nimesikia harufu ya maandazi tangu kwenye bando. Lakini naomba tusinywe bado. Nimekuja na karatasi na kalamu, zimenunuliwa hapo kona. Kila mwenye boksi achukue kimoja kimoja. Vijana wa kisu, kazi yenu leo ni kushika maboksi na kusoma IMEI kwa sauti, hakuna zaidi. Tunaanza na mweka hazina kwa sababu ndiye ameuliza swali gumu.

Kata plastiki, mama. Taratibu. Kitufe pembeni, moja, mbili, tatu, achia.

("Imewaka. Imeleta maneno mengi, inataka nini?")

Inataka lugha. Vuta orodha kwa kidole, juu, tena juu, bado, bado... hapo.

("Si uguse wewe, upo karibu?")

Hapana, mama. Mikono yangu iko nyuma. Gusa, toa.